Kushoto kwa nani? Somo juu ya mbele, kando, kuume na kushoto kwa vitu



Ukurasa huu wa masomo umezoea kuleta hesabu, kilimo ao historia. Mara hii tunaleta jambo ambalo wengi watacheka wakiona kichwa chake: kuume na kushoto, mbele na kando. Mtu atauliza: "Nani kati yetu asiyejua mkono wake wa kuume?" Ni kweli, kila mmoja anajua mkono wake. Lakini kujua mkono wako ni jambo moja. Kujua kuume kwa kabati, kuume kwa mto, kuume kwa kamyo ao kuume kwa mgonjwa aliyelala kitandani ni jambo lingine. Pale ndipo hata watu wenye diploma wanapotea.

Sisi tunaosimamia kazi za mikono tunasikia mabishano haya karibu kila juma. Watu wawili wanabeba meza, wanatazamana. Mmoja anasema: "Vuta ku kushoto!" Mwenzake anavuta, meza inagonga ukuta. "Nimesema ku kushoto!" "Sasa hii ni nini kama si kushoto?" Wote wawili wana haki, lakini mguu wa meza umevunjika. Mguu wa meza fundi ataurudisha. Kuna nafasi zingine ambapo kosa hili hili linaharibu mguu wa mtu, ao linaondoa uzima wake. Ndiyo sababu tunaandika.

Neno letu lote ni hili: mbele ya kusema "kushoto", jua kwanza ni kushoto kwa nani.

1. TUTAFUTE KWANZA MBELE

Simama wima. Juu na chini unajua bila kufundishwa, kwa sababu uzito wa mwili unakuambia; jiwe ukiliacha linakwenda chini, wala haliulizi mtu. Mbele vilevile ni rahisi: ni upande wa macho yako, upande ambao miguu yako inakwenda. Nyuma ni kinyume chake. Pande mbili zinazobaki ni za kando, yaani za mbavu. Sasa moja ya hizo tunaiita kuume, ya pili kushoto.

Angalia vizuri utaratibu huo. Kuume na kushoto vinakuja mwisho. Kama hujui juu ni wapi na mbele ni wapi, huwezi kujua kuume. Na ukigeuka, kuume kwako kunageuka pamoja nawe. Mlima uliokuwa kuume sasa uko kushoto, lakini mlima haukutembea. Kwa hiyo kuume si nafasi katika dunia kama vile kaskazini ilivyo. Kuume ni mali ya mwenye mwili, anakwenda nayo popote.

Basi, kama kitu kina mbele yake chenyewe, kinaweza kuwa na kuume na kushoto. Mbuzi ana kichwa: mbele yake inajulikana hata akisimama tu. Mtumbwi una mbele kwa sababu ya safari yake. Nyumba ina mbele kwa sababu ya mlango wake. Kiti kina mbele kwa sababu ya namna tunavyokikalia. Lakini mpira hauna mbele. Chungu hakina mbele. Jiwe vilevile. Vitu hivi vinaazima mbele kutoka kwa mtu anayesema.

2. NYOKA YUKO MBELE YA MTI

Mti hauna uso wala mgongo. Sasa mwenzako anapaza sauti: "Nyoka yuko mbele ya mti!" Yuko wapi? Wengine wataelewa: yuko hapa kati yetu na mti. Wengine wataelewa: yuko ng'ambo ya mti. Hata mmoja si mjinga. Yule wa kwanza anawaza mti kama mtu anayetutazama uso kwa uso. Basi mbele yake ni upande wetu. Yule wa pili anawaza mti kama mtu anayetutangulia katika njia, ametupa mgongo. Basi mbele yake ni kule anakokwenda, mbali nasi.

Kama ni nyoka, si wakati wa kubishana juu ya sarufi. Sema "upande huu wa mti, karibu nasi", ao "upande ule, ng'ambo". Maneno hayo hayana mashaka. Namna moja kwa kilima, kisima cha mviringo, gogo, na kitu chochote kisicho na uso.

3. KITI NA KABATI

Hapa ndipo somo linaanza kuwa gumu kidogo. Kiti kina mbele, kabati ina mbele. Lakini kuume kwao si kwa namna moja.

Kaa kwenye kiti chenye mikono. Mkono wa kuume wa kiti ni upi? Ule ulio chini ya mkono wako wa kuume. Kiti kimechukua kuume kwa mtu anayekikalia, kwa sababu kiti na mtu vinatazama upande mmoja. Shati ni hivyo hivyo: mfuko wa kushoto ni ule ulio upande wa kushoto wa mvaaji, hata kama wewe unayemtazama unauona upande wako wa kuume. Motokari, kinga (velo), punda na mtumbwi vinafuata sheria hiyo: kuume kwao ni kuume kwa anayevipanda akitazama mbele.

Sasa simama mbele ya kabati. Mwalimu anasema: "Fungua mlango wa kushoto." Utafungua upi? Ule ulio kushoto kwako, bila kufikiri. Lakini kama kabati ingekuwa mtu anayekutazama, mlango huo ungekuwa upande wake wa kuume! Hatuingii ndani ya kabati kukaa, tunaisimamia mbele. Kwa hiyo kabati inachukua kuume kwa mtu anayeitazama. Ubao wa kalasi, ukurasa wa kitabu, saa ya ukutani na picha ni jamaa moja na kabati. Katika picha ya kalasi wakiandika chini "toka kushoto kwenda kuume", ni kushoto kwa msomaji, si kwa wale waliopigwa picha.

Kwa hiyo kanuni ni fupi: kitu unachokivaa, unachokikalia ao unachokipanda kina kuume kwako ukiwa ndani yake. Kitu unachokitazama kina kuume kwako ukiwa mbele yake. Na nyumba? Nyumba ni kitu cha matatizo, kwa sababu tunaitazama tena tunaingia ndani. "Chumba cha kushoto" ni cha kushoto kwa anayeingia ao kwa anayetoka? Sherti useme: "ukiingia, kushoto".

Wale wanaosoma michoro ya ufundi wanajua mtego mwingine. Tukichora kitu kwa desturi ya Ulaya, sura yake ya mbele inakaa katikati, na sura ya kushoto (vue de gauche) inachorwa upande wa kuume wa karatasi. Kwa desturi ya Marekani inachorwa upande wa kushoto. Kwa nini? Kwa desturi ya Ulaya ni kama unasimama kushoto kwa kitu na kusukuma kivuli chake mpaka ukuta wa ng'ambo. Mwanafunzi asiyejua hilo atachora vizuri sana, lakini mahali pasipofaa, na alama zitapotea.

4. WAWILI WAKITAZAMANA

Wengi wetu tumesoma katika Mwanzo 48 habari za Yakobo na wajukuu wake. Yakobo alikuwa mzee, macho yamefifia. Yosefu akamletea wana wake wawili awabariki: Manase, mzaliwa wa kwanza, na Efraimu, mdogo. Yosefu alitaka mkono wa kuume wa baba yake uwe juu ya kichwa cha Manase. Alifanya nini? Alimshika Manase kwa mkono wake wa kushoto, na Efraimu kwa mkono wake wa kuume. Alijua kwamba mtu akikutazama uso kwa uso, kushoto kwako ni kuume kwake. Hesabu ya Yosefu ilikuwa sawa kabisa. Kumbe mzee akapishanisha mikono, akaweka ule wa kuume juu ya Efraimu. Yosefu alipotaka kumsahihisha, baba akajibu kwamba anajua anachofanya. Maana ya baraka hiyo tunawaachia walimu wa dini. Sisi tunaonyesha tu kwamba habari nzima haieleweki kama msomaji hakukumbuka watu hawa walikuwa wanatazamana.

Kuna anayetutazama kila asubuhi: mtu wa ndani ya kioo. Watu husema kioo kinageuza kuume kuwa kushoto. Jaribu mwenyewe. Simama mbele ya kioo, inua mkono ulio upande wa dirisha. Picha nayo inainua mkono ulio upande wa dirisha! Juu kunabaki juu, upande wa dirisha unabaki upande wa dirisha. Kinachogeuka ni mbele na nyuma: wewe unatazama kaskazini, picha inatazama kusini. Ni sisi tunaowaza kwamba pale ndani kuna mtu aliyezunguka, kisha tunampa kuume na kushoto kwake. Kwa sababu hiyo motokari zingine za hospitali zina neno AMBULANCE limeandikwa kinyume usoni: shofere aliye mbele yake analisoma sawasawa ndani ya kioo chake kidogo.

5. MTO NA MELI

Mto hauna macho, lakini una safari. Wana jiografia wamepatana hivi: tazama kule maji yanakokwenda, ukingo ulio kuume kwako ni ukingo wa kuume, ule mwingine ni wa kushoto. Haidhuru wewe unasimama wapi ao unatoka wapi. Kwa kanuni hiyo Kinshasa iko ukingo wa kushoto wa mto Kongo, na Brazzaville iko ukingo wa kuume. Mtu wa Kinshasa anayepanda mto kwa mashua kwenda Mbandaka ataona mji wake kuume kwake, lakini jina la ukingo halibadiliki. Ubangi na Aruwimi vinaingia Kongo toka kuume. Lomami na Kasai toka kushoto. Kule Kisangani sehemu kubwa ya mji iko ukingo wa kuume, na Lubunga iko ng'ambo, ukingo wa kushoto.

Watu wa meli wamekwenda mbali zaidi. Ndani ya meli mmoja anatazama mbele, mwingine nyuma, mwingine anatengeneza mashine; mkubwa wa meli akipiga kelele "Kushoto!" kila mmoja atakwenda njia yake. Basi waliacha maneno hayo. Upande wa kushoto wa meli yenyewe, ukitazama mbele yake, wanauita bâbord. Wa kuume wanauita tribord. Usiku wanaweka taa nyekundu bâbord na taa ya kijani tribord. Akiona taa nyekundu tu katika giza, mwenye chombo anajua kwamba ni ubavu wa kushoto wa chombo kingine anaouona, na kinaelekea wapi. Rangi mbili tu, lakini zinazuia vyombo kugongana.

6. KINGA, MAKASI NA MKONO WENYEWE

Tuje kwenye kinga, kwa sababu wengi wetu tunaitumia. Cheni iko upande wa kuume. Lakini fundi akiigeuza, kiti chini na magurudumu juu, cheni inaonekana imehama upande. Ndiyo maana fundi mwenye akili hasemi "kuume" ao "kushoto". Anasema "upande wa cheni" na "upande usio na cheni". Namna yoyote utakavyoigeuza, maneno hayo hayatadanganya.

Kuna jambo lingine ambalo limeharibu pedali nyingi. Skrubu za kawaida hufungwa kwa kuzungusha kama mshale wa saa. Pedali ya kuume ni hivyo. Lakini pedali ya kushoto imekatwa kinyume: inafungwa kinyume cha mshale wa saa. Waliitengeneza hivyo makusudi, kusudi mwendo wa miguu usiifungue njiani. Mtu asiyejua anaweka kle, anavuta kwa nguvu zake zote akifikiri anafungua, kumbe anakaza, ao anaharibu meno ya chuma. Hapa pia msaada ni kuacha kuume na kushoto, na kurudi kwa mbele. Simamisha kinga juu ya magurudumu yake, weka kle ikitazama juu. Ukiivuta kuelekea mbele ya kinga, unakaza. Ukiivuta kuelekea nyuma, unafungua. Kanuni moja kwa pedali zote mbili.

Makasi nayo ina mkono wake. Makasi ya kawaida imetengenezwa kwa mkono wa kuume: kisu kilicho juu kinakaa upande wa kuume. Igeuze chini juu. Kisu kingine sasa kiko juu, lakini nacho kiko upande wa kuume! Kuigeuza hakusaidii. Mkono wa kuume ukibana, unasukuma visu viwili vikutane. Mkono wa kushoto ukibana, unavitenga, na kitambaa kinakunjika katikati bila kukatika. Mashine ya kushona vilevile: gurudumu la mkono liko kuume kwa fundi.

Hapa tuseme neno juu ya wenzetu wanaotumia mkono wa kushoto. Kati ya watu kumi, karibu mmoja ni hivyo. Katika kalasi ya watu 50 tunaweza kutazamia kama watano. Lugha zetu haziwatendei mema. Kwa Kiswahili tunasema mkono wa kuume, yaani wa kiume, na mkono wa kulia, yaani wa kulia chakula. Kwa Lingala kuume ni mkono wa mwanaume, na kushoto ni mkono wa mwanamke. Ni kama kushoto ni upungufu. Lakini mwenzetu anayekata vibaya kwa makasi si mzembe: chombo kilitengenezwa kwa mkono wa mtu mwingine. Biblia yenyewe, katika Waamuzi 20, inahesabu watu 700 wa mkono wa kushoto waliojua kutupa mawe kwa teo bila kukosa. Basi tusiwacheke, tena mtu asiwapige juu ya mkono wanaoandikia. Heshima za mezani na za kusalimia wazee ni jambo la desturi, tuzishike. Lakini kalamu haina desturi hiyo.

7. BARABARA

Katika Kongo tunapita kuume kwa barabara. Kuume kwa nani? Barabara yenyewe haina kuume. Mmoja anakwenda mjini, mwingine anarudi. Ni kuume kwa kila msafiri akitazama mbele yake, na kwa njia hiyo wawili wanapishana salama.

Ni mapatano ya watu. Kati ya inchi tisa zinazopakana nasi, sita zinapita kuume kama sisi: Angola, Kongo-Brazzaville, Afrika ya Kati, Sudani Kusini, Rwanda na Burundi. Tatu zinapita kushoto: Uganda, Tanzania na Zambia. Tanzania tunatengwa nayo na ziwa, lakini Kasindi, Bunagana na Kasumbalesa ni milango ya barabara, na pale kamyo sherti zibadili upande. Mapatano yanaweza kugeuzwa: Uswidi iliacha kushoto na kushika kuume tarehe 3 Septemba 1967, na Sudani ikafanya vilevile mwaka 1973.

Hatari iko wapi? Iko katika motokari zilizotengenezwa kwa desturi nyingine. Bisi ndogo zinazotoka Japani, ambako hupita kushoto, zina volani kuume, na mlango wa abiria kushoto. Katika inchi yake mlango huo unafunguka upande wa majani, abiria anashuka salama. Zikija kwetu bila kubadilishwa, mlango huo huo unafunguka katikati ya barabara, kule motokari zingine zinakopita. Tena shofere anayekaa kuume, nyuma ya kamyo kubwa, haoni mbele. Akitaka kuipita, sherti atoe karibu motokari nzima nje ndipo aone nini kinakuja.

Kwa hiyo, wanafunzi wenzetu, na zaidi ninyi wadogo wa mwaka wa kwanza, shikeni haya manne:
a) Mbele ya kushuka, jua mlango unafunguka upande gani. Kama ni upande wa barabara, tazama nyuma na mbele kwanza.
b) Ukisha kushuka, usizunguke mbele ya bisi mbio. Ngoja iondoke.
c) Ukitaka kuvuka barabara yetu, tazama kushoto kwanza, kwa maana motokari za karibu zinatoka kule, kisha kuume, kisha kushoto tena. Ukiwa Uganda ao Zambia, anza na kuume.
d) Pasipo na njia ya miguu, tembea upande wa kushoto wa barabara, kusudi motokari za upande wako zikujie usoni wala si mgongoni.

8. KITANDA CHA MGONJWA

Tumeacha nafasi hii mwisho kwa sababu hapo kosa halirudi nyuma. Munganga anasimama mbele ya mgonjwa. Kuume kwa mmoja ni kushoto kwa mwingine. Kwa hiyo wanganga wa dunia nzima wamepatana: kuume na kushoto ni vya mgonjwa siku zote, si vya anayemtazama. Ini liko kuume, bandama iko kushoto, ncha ya moyo inaelekea kushoto: yote ni kwa mwenye mwili. Picha ya radio ya kifua nayo husomwa kama kwamba mgonjwa anakutazama; ini lake litaonekana upande wa kushoto wa picha. Kwa hiyo wanaandika alama juu yake kuonyesha upande.

Hata hivyo yametokea katika inchi nyingi, hata zile tajiri, kwamba mtu alipasuliwa upande usiougua. Mwaka 2008 Shirika la Afya la Dunia (OMS) lilitoa orodha ya mambo ya kuhakikisha mbele ya kupasua mgonjwa. Moja yao ni hili: kuthibitisha jina lake, kazi inayofanywa na nafasi ya mwili, na kuutia alama upande wenyewe. Angalieni: watu waliosoma miaka mingi wanakubali kuchora alama kwa wino juu ya ngozi, kwa sababu wanajua kwamba neno "kushoto" peke yake halitoshi.

Nasi tukimsindikiza mwenzetu hospitalini, tusiseme tu "anaumwa upande huu" kwa kuonyesha juu ya mwili wetu. Tuguse nafasi juu ya mwili wake mwenyewe, ao yeye aiguse.

9. KUSUDI TUSISAHAU

Kanuni ni nne tu:
Moja. Tafuta kwanza mbele. Pasipo mbele hakuna kuume.
Mbili. Uliza: kitu hiki kinapandwa na kuvaliwa, ao kinatazamwa?
Tatu. Kama mnatazamana, taja mwenyewe: "kushoto kwako", "kushoto kwangu".
Nne. Kama kuna hatari, acha kuume na kushoto. Taja kitu kinachoonekana: upande wa mto, upande wa dirisha, upande wa cheni.

MASWALI YA KUJIZOEZA

1. Unatazama shati limetundikwa, vifungo mbele yako. Mkono wa shati ulio kuume kwako, ni wa kuume ao wa kushoto?
2. Unasimama Brazzaville, unatazama Kinshasa. Maji yanakwenda kuume kwako ao kushoto?
3. "Weka ndoo kando ya kisima." Je, agizo hili linatosha?
4. Wawili wanabeba kabati wakitazamana. Mmoja anataka iende upande wa mlango. Aseme nini?

Majibu: (1) Wa kushoto, kwa maana shati linafuata mvaaji. (2) Kuume: uko ukingo wa kuume, ukitazama kule maji yanakokwenda, mto uko kushoto kwako, ukigeuka sasa kutazama Kinshasa, maji yanakwenda kuume. Asiyeamini achore. (3) Halitoshi kama upande una maana; kisima cha mviringo kina kando pande zote. (4) "Upande wa mlango!"

Walimu wetu wapendwa, mkiona tumepungukiwa mahali, mtusahihishe katika gazeti lijalo. Nanyi wenzetu, jumamosi katika kazi za mikono, tusisikie tena "ku kushoto" bila jina la mwenyewe. Viti na meza tulivyo navyo havitoshi, na miguu yetu ni miwili tu kila mtu.

Kapita wa wanafunzi, kalasi ya mwisho